Najua kufungua mabano, lakini kuyarudisha nashindwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26 na najiandaa kurudia hesabu za kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kufungua mabano najua vizuri. Shida yangu ni kurudi. Nikipewa 6x² + 7x − 20 nikaambiwa nitafute vigawo, nabaki kubahatisha. Naandika (6x + 4)(x − 5), nafungua, siyo. Naandika (3x + 5)(2x − 4), siyo. Karatasi ikijaa naacha. Wenzangu wa tuisheni wanaangalia tu, wanaandika jibu. Je, hiki ni kipaji? Nitajuaje kwamba mtajo hauna vigawo kabisa, ili nisijisumbue? Na kama ile kanuni ndefu ya milinganyo ya kipeo cha pili ipo, mbona tusiitumie hiyo tu? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na majaribio yako mawili, maana yananieleza mengi. Katika (6x + 4)(x − 5), bano la kwanza lote linagawanyika kwa 2. Kama ni hivyo, ukifungua mabano kila namba itakayotoka lazima nayo igawanyike kwa 2. Sasa tazama mtajo uliopewa: pale katikati kuna 7. Jaribio hilo lilikuwa limeshakufa kabla hujalifungua, na (3x + 5)(2x − 4) limekufa kwa ugonjwa uleule, kwa sababu ya 2x − 4. Mtajo ambao namba zake hazina kigawo cha shirika hauwezi kuzaa bano lenye kigawo cha shirika. Kwa hiyo ulikuwa unapoteza karatasi kwa mabano ambayo ungeyakataa kwa macho tu.

Hiyo inapunguza kubahatisha, ila haikuondolei. Ili kubahatisha kuondoke kabisa, rudi kwanza kwenye kazi unayosema unaijua, ya kufungua mabano, uifanye polepole kuliko ulivyozoea:

(2x + 5)(3x − 4) = 6x² − 8x + 15x − 20

Simama hapo. Usijumlishe bado. Mkono wako umezoea kuandika mstari mwingine haraka, 6x² + 7x − 20, na hapo ndipo kila kitu kinapotea. Mstari wenye vipande vinne ulikuwa na habari zote: ukiutazama unaona −8x ilitoka wapi na 15x ilitoka wapi. Ukishaandika 7x, umefuta. Anayepewa 7x hajui kama ni 15 na −8, au 10 na −3, au 6 na 1. Kutafuta vigawo ni kuurudisha mstari huo mmoja uliofutwa, basi. Ukishaupata, mabano yanajifunga yenyewe.

Swali linabaki: 7 tuipasue vipi? Jozi za namba zinazojumlishwa kupata 7 hazina mwisho. Lakini angalia mstari wetu tena. Zidisha vipande viwili vya katikati: −8 × 15 = −120. Zidisha namba ya mwanzo na ya mwisho: 6 × −20 = −120. Haikutokea kwa bahati. Chukua mabano yoyote mawili, tuyaandike kwa herufi:

(px + q)(rx + s) = prx² + psx + qrx + qs

Vya katikati ni ps na qr. Ukivizidisha unapata p, q, r, s zikiwa pamoja. Vya pembeni ni pr na qs. Ukivizidisha unapata p, q, r, s zilezile. Ni herufi nne zilezile, zimepangwa tofauti tu. Ndiyo maana zao la katikati lazima liwe sawa na zao la pembeni, daima, kwa mabano yoyote utakayoyaandika maishani. Walimu wengi (na vitabu vingi vya maswali na majibu) hutoa hatua hii kama amri: "zidisha ya kwanza na ya mwisho." Mwanafunzi anaikariri, na wiki ya mtihani anasahau azidishe nini na nini. Aliyeziona zile herufi nne hata akisahau anaweza kuitengeneza upya pembeni ya karatasi.

Sasa kazi yako imekuwa ya namba tupu, x imekaa pembeni: tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −120 na jumla yake ni 7.

Zao ni hasi, kwa hiyo moja ni chanya na nyingine hasi. Zikiwa na alama tofauti, kujumlisha ni sawa na kutafuta tofauti kati ya namba zenyewe, na iliyo kubwa ndiyo inayobeba alama ya jumla. Tunatafuta basi jozi za 120 zinazopishana kwa 7. Usizirukie ovyo. Ziandike kwa mpangilio ukianzia na 1, na kila jozi iambatane na tofauti yake:

1 na 120, tofauti 119
2 na 60, tofauti 58
3 na 40, tofauti 37
4 na 30, tofauti 26
5 na 24, tofauti 19
6 na 20, tofauti 14
8 na 15, tofauti 7

Hii hapa. 15 iwe chanya kwa kuwa ndiyo kubwa na jumla yetu ni chanya, 8 iwe hasi. Unaona jinsi tofauti inavyoshuka bila kurudi juu? Kwa hiyo kama swali lingetaka tofauti ya 9, ungeona inaruka kutoka 14 hadi 7, ukajua hapohapo kwamba 9 haipo na haitakuja. Hapo una haki ya kuacha. Zao likiwa chanya, namba zote mbili zina alama moja, na unachotazama ni jumla za jozi badala ya tofauti. Nazo zinashuka kwa utaratibu uleule.

Hawa wenzako wanaoandika jibu kwa kuangalia wana orodha hii kichwani, hawana zaidi ya hapo. Wamezoea kwamba 120 ni 8 mara 15, 72 ni 8 mara 9, 84 ni 7 mara 12. Nimefundisha watu wazima waliorudi shule baada ya miaka mingi, na mara nyingi kinachowakwamisha kwenye aljebra ni jedwali la kuzidisha, wala si aljebra yenyewe. Kama ndivyo kwako, hakuna aibu. Tenga dakika chache kila siku, chukua namba moja kama 60 au 96, andika jozi zake zote kwa mpangilio.

Tukirudi kwenye mtajo wetu, sasa mstari uliofutwa umerudi:

6x² + 15x − 8x − 20

Shika viwili vya kwanza, toa nje kinachoshirikiwa: 3x(2x + 5). Shika viwili vya mwisho, toa nje −4: unapata −4(2x + 5). Bano ni lilelile pande zote mbili, kwa hiyo nalo linatoka nje kama kitu kimoja:

(2x + 5)(3x − 4)

Hapa pa −4 ndipo nimeona alama nyingi zikipotea, hata kwa mwanafunzi aliyepata jozi sahihi. Anaandika −4(2x − 5) kwa sababu jicho limeona −20. Lakini −4 × −5 ni 20 chanya. Ukitoa namba hasi nje ya bano, alama za ndani zinageuka zote. Kuna kengele ya kukutahadharisha: kama mabano mawili hayafanani, usiendelee wala usiyalazimishe kufanana. Ama alama imekosewa, ama jozi siyo yenyewe. Na ukiona sehemu mojawapo haina cha kutoa nje, toa 1. Katika 2x(5x − 3) + (5x − 3), bano la pili lina 1 mbele yake hata kama haijaandikwa, na jibu ni (5x − 3)(2x + 1). Wengi huiacha ile 1 wakabaki na (5x − 3)(2x), na mtajo ukawa umepungukiwa.

Kama orodha ya jozi ni ndefu na inakuchosha, ipo njia ambayo Wababeli waliitumia kwenye vibao vyao vya udongo zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Namba mbili zenye jumla 7 lazima zikae umbali sawa kutoka nusu ya 7, yaani 3.5. Moja ni 3.5 + u, nyingine 3.5 − u. Zao lake ni 12.25 − u², nalo liwe −120. Basi u² = 132.25, na u = 11.5. Namba zako ni 15 na −8, bila orodha yoyote. Mimi huitumia zao likiwa kubwa, kama 1,000 kwenda juu. Kwa namba ndogo orodha ni ya haraka zaidi.

Njia hiyo pia inajibu swali lako la pili. Pale ulipotafuta u, ilibidi 132.25 iwe na kipeuo cha pili kinachotoka sawasawa. Kisipotoka, hakuna jozi. Ukiandika sharti hilo kwa namba kamili, bila desimali, unapata hili: kwa mtajo ax² + bx + c wenye namba kamili, kokotoa b² − 4ac. Ikiwa ni mraba kamili, yaani 0, 1, 4, 9, 16, 25 na kuendelea, vigawo vya namba kamili vipo. Isipokuwa mraba kamili, havipo, funga daftari. Kwa mtajo wako: 49 + 480 = 529, ambayo ni 23 × 23. Vipo. Kwa x² + 5x + 3: 25 − 12 = 13. Havipo, hata ukeshe. Hesabu ya mstari mmoja ingekuokolea ile karatasi iliyojaa.

Bila shaka umeshaiona b² − 4ac: ndiyo iliyoko chini ya alama ya kipeuo katika kanuni yako ndefu, x = (−b ± √(b² − 4ac))/2a. Kwa hiyo tufike kwenye swali la tatu. Kanuni itumie, sina ugomvi nayo. Kwa mtajo wako inatoa x = (−7 + 23)/12 na x = (−7 − 23)/12, yaani 4/3 na −5/2. Kutoka hapo unaweza kurudi kwenye mabano: x = 4/3 maana yake 3x − 4 = 0, na x = −5/2 maana yake 2x + 5 = 0. Hata hivyo ina upofu wake. Ipe 12x² + 14x − 40, itakupa 4/3 na −5/2 zilezile, kwa sababu mtajo huo ni ule wa kwanza ukizidishwa kwa 2. Ukiandika (3x − 4)(2x + 5) kama jibu umekosa, ile 2 ya mbele imedondoka njiani.

Tena si kila swali linatafuta x. Ukiambiwa urahisishe

(6x² + 7x − 20) / (9x² − 16)

hakuna mlinganyo hapo wa kutafutia jawabu. Ukipata vigawo juu na chini, unaona (2x + 5)(3x − 4) juu na (3x + 4)(3x − 4) chini. Bano la 3x − 4 linaondoka pande zote, unabaki na (2x + 5)/(3x + 4). (Mradi x isiwe 4/3 wala −4/3, maana kugawa kwa sifuri hakuna.) Asiyejua vigawo atakata x² ya juu na x² ya chini, na hilo ni kosa ambalo msahihishaji halisamehi: unaruhusiwa kukata kilichozidishwa na vyote, si kipande kilichojumlishwa.

Na katika milinganyo, nguvu ya vigawo inatokana na sifuri peke yake. Namba mbili zikizidishwa zikatoa 0, lazima mojawapo iwe 0. Hakuna namba nyingine yenye tabia hiyo. Kwa hiyo (x − 2)(x − 3) = 6 haikupi ruhusa ya kuandika x − 2 = 6. Fungua, hamisha 6 upate x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0, na majawabu ni 0 na 5. Usigawe kwa x hapo. Ukigawa umeitupa 0.

Kabla ya yote haya kuna hatua ambayo ingetakiwa kuwa ya kwanza kwenye kila swali, nami nimeichelewesha kwa kuwa mtajo wako haukuihitaji: toa nje kigawo cha shirika. 12x² − 27 haionekani kuwa chochote mpaka utoe 3, ndipo inakuwa 3(4x² − 9), na ndani ya bano una mraba wa 2x ukitoa mraba wa 3. Tofauti ya miraba miwili hufunguka daima kwa namna moja, kujumlisha na kutoa: 3(2x − 3)(2x + 3). Nayo ukiitazama ni njia ileile ya jozi. Zao la pembeni ni −36, jumla ya katikati ni 0, jozi ni 6 na −6. Watu huifundisha kama kanuni ya pekee, na kuijua kwa moyo kuna faida, ila haikutoka kwingine.

Niiache tofauti ya miraba bila kukuonyesha Fermat, mwanahisabati wa Kifaransa, alivyoitumia? Siwezi. Mwaka 1643 alieleza kwenye barua jinsi alivyoipasua namba 2,027,651,281. Alitafuta miraba miwili inayopishana kwa namba hiyo, akaipata: 45,041² − 1,020². Basi vigawo vyake ni 45,041 − 1,020 na 45,041 + 1,020, yaani 44,021 na 46,061. Yote kwa kalamu. Jaribu nawe kwa 2,021: ni 45² − 2², kwa hiyo ni 43 × 47.

Kuna njia ya kukagua jibu ambayo ningependa uanze nayo leo. Weka 10 badala ya x. Mtajo wako unakuwa 600 + 70 − 20 = 650. Mabano yanakuwa 25 na 26, na 25 × 26 ni 650. Sawa. Kwa nini 10 na si 1? Kwa sababu 10 ni rahisi kukokotoa, na vipande vya x², x na namba ya mwisho vinakuwa vimeachana kwa ukubwa, hivyo alama iliyokosewa huonekana kwa kawaida. Kama jaribio ni (2x − 5)(3x + 4) unapata 15 × 34 = 510, na unajua mara moja.

Kwa vipeo vya juu zaidi ya 2 sitakaa sana, kwani kwa mtihani wako hutakutana navyo mara kwa mara. Mtajo kama 2x³ + x² − 13x + 6 unaanza kwa kutafuta x inayoufanya uwe sifuri. Jaribu kwanza namba kamili zinazoigawa 6. Kwa 1 unapata −4. Kwa −1 unapata 18. Kwa 2: 16 + 4 − 26 + 6 = 0. Basi x − 2 ni kigawo. Gawa, unabaki na 2x² + 5x − 3, na hiyo unaijua: jozi ya −6 yenye jumla 5 ni 6 na −1. Jibu zima ni (x − 2)(2x − 1)(x + 3). Kwa x = 10: 1,976, na 8 × 19 × 13 ni 1,976.

Na usiamini mtu anayekuambia "miraba ikijumlishwa haifunguki" kama sheria ya kila mahali. x² + 9 kweli haifunguki kwa namba tunazotumia sekondari, kwa kuwa haiwezi kuwa sifuri hata x iwe ngapi. Lakini x⁴ + 4, ambayo nayo ni x² mraba kujumlisha 2 mraba, na ambayo nayo haiwi sifuri kamwe, ni (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2). Ongeza 4x², kisha uitoe, uone inavyotokea. Mwaka 1702 Leibniz, mmoja wa walioanzisha kalkulasi, aliandika kwamba mitajo ya x⁴ + a⁴ haiwezi kupasuliwa bila kutumia namba za kufikirika, yaani zile zenye kipeuo cha pili cha −1. Alikosea. Kagua kwa 10: 10,004 ni 122 × 82.

Sasa kazi yako. Fanya hizi tano, na kwa kila moja andika mstari wa vipande vinne pale unapohusika, kisha kagua kwa 10:

10x² − x − 3
18x² − 50
4x² + 4x − 15
3x² + 4x + 5
x³ − 7x + 6

Mojawapo haina vigawo. Itafute kwa b² − 4ac kabla hujaanza kupanga jozi. Kwenye ya kwanza jihadhari na ile 1. Na ya mwisho isikutishe kwa kukosa x²: pale kuna 0x², na utaihitaji utakapogawa.